Jozi ya Tano

Jumapili, alasiri imekwisha kuadhiniwa. Mvua imekuja Msambweni ikaondoka bila salamu, na jua limetoka tena likijifanya halikuona kitu. Kunanuka udongo na samaki wa kukaangwa. Goti la kulia linauma. Roho nayo haijatulia, na hiyo siwezi kulisingizia goti.

Shajara, leo nitakwambia jambo ambalo nimelikalia tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Nimekalia vitu vingi maishani, ikiwemo miwani ya imamu siku ya maulidi, lakini hili ndilo lililonikalia mimi.

Kwa wasionijua: mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu. Hicho kitu sikijui vizuri, maana aliyeandika siku yangu ya kuzaliwa aliiandika kwa makaa ukutani na ukuta ukapakwa chokaa. Shule nilifika darasa la nne, la tano nikalichungulia dirishani nikaona halina maajabu. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Zuhura, nami huandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama kuku anayechagua mchele. Mke wangu, Bi Mwanamisi, hasomi mambo ya simu. Asema herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa.

Leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Zuhura yuko hapa. Amekuja likizo na mumewe na watoto wao watatu kutoka Uarabuni wanakofanya kazi. Baada ya wali wa mchana akatuwekea simu mbele yetu tutazame walivyokwenda kwenye bustani ya michezo iliyofunguliwa huko juzijuzi. Jamani! Magari yanapanda angani, watu wamefungwa mikanda kama mizigo, wanapiga mayowe, na wamelipa wenyewe. Mwisho wakaingia katika jumba la mazimwi. Giza, kilio, mifupa inayocheza. Watoto walikuwa wakicheka hadi wakaangukiana.

Bi Mwanamisi akasukuma simu kando. "Mwatuonyesha nini nyinyi? Sisi tulikwenda kabla mama yenu hajazaliwa. Muulizeni babu yenu."

"Babu, ni kweli?" wakasema watoto.

Nikawaambia ni kweli, na zimwi lenyewe nililioa. Wakacheka. Bibi yao akanitupia kijiko. Kisha watoto wakaenda uani kutazama mbuzi, Zuhura na mumewe wakaenda kulala, na mimi na yeye tukabaki peke yetu. Hapo ndipo alipolisema alilolisema. Lakini nikikwambia sasa hutaelewa. Ngoja nianze kule.

Mwaka ule bendera mpya ilikuwa bado haijapauka. Watu walitembea kifua mbele hata wasiokuwa na shati. Kabla yake tulikuwa tukienda Tanga kama mtu aendavyo uani kwake, sasa tukaambiwa ni ng'ambo, nchi ya wenyewe. Mama yangu hakukubali hata siku moja. "Nchi ya wenyewe kivipi, na mdogo wangu anaishi huko?"

Mdogo wake alikuwa Bi Tatu, mama yetu mdogo, aliyeolewa Tanga. Alituita tukamtembelee. Hiyo ndiyo sababu iliyosemwa mdomoni. Sababu ya moyoni ilikuwa kaka yangu Hamisi.

Hamisi alivuka kwenda kukata mkonge mashambani upande wa Tanga, akamwacha mkewe kwetu. Mwaka wa kwanza alituma barua na doti ya leso. Mwaka wa pili alituma salamu kwa mdomo wa mtu. Kisha kimya. Miaka mitano kimya, wala hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyemzika.

Mkewe ndiye Mwanamisi.

Ndiyo, huyu huyu aliyenirushia kijiko leo.

Wakati ule hakuwa mke wala mjane. Mwalimu wa madrasa alikwisha kusema kadhi ana njia ya kumfungua mwanamke aliyepotelewa na mume. Lakini kwetu ni mkaza mwana gani atakayempita mkwewe mlangoni aende kwa kadhi kumtangaza mtoto wake maiti? Na mama alishikilia kwamba Hamisi yu hai. Kila jioni alimpakulia sahani yake, akaifunika kwa kawa, akaiweka. Mwanamisi aliitazama sahani ile kila siku ya Mungu, akazidi kukonda.

Sahani nilikuwa naila mimi. Usiku mama akilala. Nilikuwa kijana, njaa haina matanga.

Nami nilikuwa nampenda shemeji yangu. Nimesema. Sirudii.

Basi nikatunga hila. Hamisi alikuwa na jozi mbili za makubadhi. Mpya aliondoka nazo miguuni, kuukuu zilibaki darini. Zote alizishona ukanda mwenyewe kwa waya wa kijani aliouokota siku walipokuwa wakisimamisha nguzo za simu. Hakuna mtu mwingine Msambweni aliyeshona viatu kwa waya, kwa sababu hakuna mwingine mwenye akili za ajabu kiasi hicho. Nikazitoa zile kuukuu darini, nikazifunga katika gazeti, nikazitia chini ya kikapu cha safari. Tukifika Tanga nitatoka peke yangu, nirudi na uso wa huzuni, niseme kuna mtu wa kambi ya mkonge amenipa hivi, mwenyewe ameshakufa. Mama akiona waya ataamini. Ataweka matanga. Mwanamisi atakaa eda, na eda ikiisha atakuwa huru.

Ni uwongo, najua. Lakini nilijiambia kwamba ni uwongo wa kumfungua mtu kamba.

Ndani ya basi, tulipokuwa tumesimamishwa mpakani Lunga Lunga, Mwanamisi alitia mkono kikapuni kutafuta muhogo wa kuchemsha. Mkono ukasimama. Akanitazama kidogo tu, akatoa muhogo, akafunika kikapu. Nikajipa moyo kwamba hakuona.

Tanga tukakaa siku tatu. Mama aliuliza kila mtu mwenye vidole vilivyochanwa na mkonge, na kila mtu alimjua Hamisi mwingine. Mimi kila asubuhi nilisema leo nitatoka na kikapu changu, na kila asubuhi nilimwona mama anavyofunga leso yake kwa matumaini, nikakosa miguu.

Siku ya tatu, saa tisa ya mchana, Bi Tatu akachoka nasi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, akicheka hadi kuta zinasikia.

"Mwanikalia kama mko matangani na maiti hamna!" akasema. "Inukeni. Kumefunguliwa pembea mpya, mji mzima uko huko."

Zilikuwa pembea kweli. Tajiri mmoja wa mkonge alizungushia uwanja mabati akaleta vitu kwa meli: gurudumu kubwa linaloinua watu juu ya minazi, farasi wa mbao wanaozunguka na muziki, gari la moshi dogo la kupakia watoto. Hatujawahi kuona. Mama alikaa juu ya farasi wa mbao upande mmoja kama mtu aliyepanda punda, buibui lake linapepea, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano nikamsikia akicheka. Mwanamisi alipanda farasi wa nyuma yake. Naye alicheka. Kikapu changu kikawa kizito mkononi.

Mwisho wa uwanja palikuwa na Nyumba ya Giza.

Ilikuwa mabati na turubai jeusi, na mlangoni wamechora fuvu lenye meno ya pembe kama mahindi mabovu. Watu waliingia mbio upande huu na viatu vyao, wakapiga mayowe ndani, wakatokea upande wa pili wakicheka. Mlangoni alikaa muuza tikiti, kijana mwembamba mwenye kofia, anatafuna kitu.

"Nyumba ya nani hii?" mama akamuuliza.

"Ya mazimwi, mama."

"Ina mwenyewe?"

"Mwenyewe tajiri. Ndani hamna mtu, kuna vinyago na mashine tu."

Mama akatikisa kichwa. Akavua viatu vyake pale kizingitini, akavipanga vizuri, ncha zikielekea mlangoni. Mwanamisi akavua. Bi Tatu alinitazama, nami nikamtazama, tukavua. Ungefanya nini? Mama yako amevua, wewe uingie na viatu?

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. "Mama wa Kenya! Humu huingiwa na viatu!"

"Nyinyi ingieni na vyenu," mama akawajibu bila kugeuka. "Mimi nimelelewa."

Kisha akasimama wima, akaita, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani: "Hodi!"

Kicheko kikazidi. Kikakatika.

"Karibuni," sauti ikasema ndani.

Sauti ya chini, ya heshima. Sauti ya mwanamume aliyekuwa amekaa akainuka.

"Si wasema hamna mtu?" Bi Tatu akamwambia muuza tikiti.

"Ni mashine," akasema. Lakini aliacha kutafuna, na nikamwona ameugeukia mlango wake mwenyewe akautazama kama hajapata kuuona.

Tukaingia. Mama mbele, Mwanamisi nyuma yake, mimi, na Bi Tatu wa mwisho amenishika shati kwa mikono miwili hadi kola ikaninyonga. Kikapu nilikishika mkono wa kushoto.

Mwanzoni palikuwa na mwanga mdogo mwekundu. Mifupa ya mbao ikashuka kwa kamba. Mama akaiambia, "Asalaam alaikum." Ikapanda juu. Zimwi lenye manyoya ya magunia likatoa kichwa ukutani, mama akalisalimia na hilo. Bi Tatu alikuwa akicheka nyuma yangu, na mafuta yake yote yanacheka. Kwa kuwa miguu yetu ilikuwa mitupu, tulihisi mbao za sakafu zina joto la jua la mchana.

Tukapinda kona. Mwanga ukaisha.

Hapo mbao zikaisha pia. Wallahi, mpaka leo nyayo zangu zinakumbuka. Nilikanyaga kitu cha majimaji, baridi, chenye nyuzinyuzi zinazojizonga vidoleni, na harufu ikapanda: ile harufu chachu ya makapi ya mkonge yaliyorundikwa nyuma ya kiwanda yakaoza. Nikasema moyoni, tajiri huyu ametupa takataka za shamba lake humu ndani, hana aibu. Bi Tatu aliacha kucheka. Mashine nazo hazikusikika tena. Kulikuwa na sisi wanne, na pumzi zetu, na mama mbele akisoma Ayatul Kursiyu polepole.

Ndipo mkono ukanishika mkono wa kulia.

Nilifurahi! Nisameheni. Nilidhani ni Mwanamisi ameogopa, amerudisha mkono nyuma kunitafuta. Ulikuwa mkavu, mgumu, umejaa makovu madogo madogo. Nikawaza, maskini, jembe limemharibu viganja. Nikaubana. Ukanibana. Tukaenda hivyo gizani, na mimi, mwendawazimu, nikamwomba Mungu ile nyumba isiishe.

Tulipoona mwanga wa mlango wa kutokea, ule mkono ukanifinya katikati ya kiganja, ukaniachia.

Nje jua lilitupiga machoni. Mama na Mwanamisi walikuwa wametutangulia hatua tano. Nyayo zetu sote wanne zilikuwa kavu, zina vumbi la mbao tu.

Viatu tulikuwa tumeviacha mlango wa kuingilia, basi ikabidi tuzunguke lile banda lote miguu mitupu, juu ya kokoto za moto, tunarukaruka kama mbuzi, na watu wanatucheka upya. Bi Tatu alikwisha kurudi katika hali yake. "Dada, mara nyingine ukivua viatu, vua uvibebe!"

Tukafika mlangoni. Viatu vyetu vilikuwepo. Viatu vya mama, vya Mwanamisi, vyangu, vya Bi Tatu. Ncha zinatazama mlango, vile vile.

Na jozi ya tano.

Ilikuwa mwisho wa mstari, imepangwa vizuri. Lakini yenyewe ncha zake zilitazama nje. Kama vya mtu aliyekwisha kutoka.

Muuza tikiti aliapa kwa jina la mamake kwamba hakuna mtu mwingine aliyevua kiatu pale tangu banda lifunguliwe. "Ni nyinyi tu mliovua! Nani mwingine atavua?"

Mama aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu. Makubadhi, ukanda wa kushoto umeshonwa kwa waya wa kijani. Kisigino cha kulia kimelika upande, maana Hamisi alikuwa akiburuza mguu huo tangu alipoanguka mnazini. Ngozi ilikuwa imelowa ndani, na alama za vidole vitano zimelala pale kana kwamba vimeinuliwa sasa hivi.

Mama hakulia. Alivichukua akavipakata kama mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Tumeshampata. Twendeni nyumbani tukampumzishe."

Wazo langu la kwanza lilikuwa: nani ameiba viatu vyangu kikapuni? Nikageuka upande, nikatia mkono chini. Kifurushi kilikuwepo. Gazeti halijafunguliwa. Nikaminya, nikavisikia viatu ndani yake, na waya ukanichoma kidole.

Siku tukirudi, basi lilipokuwa likipita juu ya daraja la mto Umba, nilikitupa kile kifurushi dirishani. Nilipogeuka, Mwanamisi alikuwa ananitazama.

Nyumbani mwalimu alisema viatu haviswaliwi, lakini alikubali kusoma hitma. Mama aliyazika makubadhi yale nyuma ya nyumba chini ya mdimu, akiwa ameyazungushia bafta nyeupe kama sanda. Jioni ile hakupakua sahani. Nami nililala njaa, nikaona ni haki yangu. Mwanamisi akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, mama mwenyewe ndiye aliyeniita. "Mwanamke huyu hatatoka nyumba hii akaolewe na mtu nisiyemjua. Mchukue, umtunze."

Nilimchukua. Kama nimemtunza, muulize yeye, lakini si leo.

Na ile jozi ya tano? Nilipata jawabu langu mwenyewe. Nilijiambia ni Mwanamisi. Labda Hamisi hakuondoka na zile mpya, labda yeye mkewe alizificha miaka yote, akazibeba chini ya buibui lake kwa hila ile ile niliyokuwa nayo mimi, ila yeye alikuwa na moyo na mimi sina. Lini alizipanga, sikujiuliza. Vipi zililowa, sikujiuliza. Jawabu lilinipendeza, na jawabu likikupendeza huligeuzi kutazama upande wa pili. Mwanamke aliyefanya hila kubwa vile ili awe wangu! Nimetembea na fahari hiyo miaka sitini.

Sasa turudi leo.

Watoto wako uani, Zuhura na mumewe wamelala, na Bi Mwanamisi amekaa kitini kwake anafagia punje za wali kwa kidole. Akacheka peke yake.

"We mzee ni mjanja," akasema.

"Nimefanya nini tena?"

"Viatu vile vya Tanga. Ulivitia wewe."

Nikanyamaza. Akadhani nimeaibika.

"Usijitie bubu. Nilikishika kile kifurushi kikapuni tangu Lunga Lunga. Nilipoviona mlangoni nikajua, huyu amevipanga. Na kule darajani nikakuona unatupa gazeti tupu. Nilikukasirikia mwaka mzima, hujui tu. Nilisema huyu amemchezea mama yake mzazi. Kisha nikasema, lakini kamchezea kwa ajili yangu. Mwanamume wa namna hiyo nitamnyima nini?"

Shajara, gazeti halikuwa tupu.

Nikamuuliza, nikijaribu kucheka: "Na mle gizani ulivyonishika mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Ukanifinya."

"Toka hapa! Mikono yangu yote miwili ilikuwa kiunoni mwa mkwe wangu, tangu tulipoingia hadi tulipotoka. Mkono wako ungenigusa ningeuuma."

Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akinifinya katikati ya kiganja. Tulipokuwa wadogo, nikimdanganya mama, Hamisi hunishika mkono chini ya meza, akanifinya pale pale. Hakunisema kwa mama hata mara moja. Alinifinya tu, nijue kwamba yeye anajua.

Kwa miaka sitini mke wangu alidhani ni mimi niliyevipanga viatu vile, mimi nilidhani ni yeye.

Basi nikawaza haraka, na mimi si mtu wa kuwaza haraka. Kama si mimi wala si yeye, ni nani? Kama ni maiti aliyekuja kutuaga, sawa, Mungu amrehemu, alitupa ruhusa kwa adabu kuliko wengi walio hai. Lakini kama alikuwa mtu mwenye pumzi? Kama Hamisi alikuwa mle ndani, amejificha kwa sababu zake, miguu imelowa, akavua kama alivyolelewa, akanishika mkono, akatoka na kwenda zake peku? Basi siku ile Mwanamisi hakuwa mjane. Eda ile ilikuwa ya nini? Ndoa yangu ni nini? Na wale watoto wetu sita?

Bi Mwanamisi aliacha kufagia punje. Uso wake ulikuwa umebadilika kidogo. Amekuwa mke wangu muda mrefu, ukimya wangu anausoma bila miwani.

"Ni wewe, sivyo?" akasema.

Taratibu. Kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu mmoja.

Anaumwa moyo. Daktari wa hospitali amemkataza chumvi na hasira. Usiku husali muda mrefu kuliko nilivyopata kusali mimi kwa mwaka. Ameishi akijua yeye ni mke halali wa mwongo mmoja, na jambo hilo limemtosha.

"Ni mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

Akapumua. Akasema niinuke nimpelekee chai, maana wazee waongo nao wana kazi. Nikampelekea. Nimemwona anatabasamu ndani ya kikombe.

Na hapo hapo, nikiwa nimeshika sahani ya kikombe kwa mkono wa kushoto, kiganja changu cha kulia kikauma katikati. Labda ni baridi ya mvua. Zuhura asema wazee hupata maumivu ya mishipa.

Nimetoka nje kukaa barazani nikuandikie. Jua limelala upande, mwanga ni wa kutosha. Nina tabia moja ambayo watu wa nyumba hii hunicheka nayo, wala hawajui ilikotoka: kila nikikaa hapa huhesabu viatu mlangoni. Nimehesabu tangu nilipooa. Siku za arusi, siku za misiba, Idi zote. Hesabu yangu haijapata kunikataa.

Leo pia nimehesabu. Zuhura, mumewe, watoto watatu, ambao wamerudi ndani kwa sababu nawasikia wanagombania simu. Watano. Bi Mwanamisi, sita. Mimi, saba. Na mlangoni pana jozi saba. Nikasema alhamdulillahi, imetimia.

Nimeandika sana tangu hapo. Sasa hivi tu nimetazama miguu yangu.

Nimevaa vyangu.

Labda mtoto mmoja ana jozi mbili, watoto wa siku hizi wana viatu vya kukaa na viatu vya kusimama. Macho yangu yana ukungu, jozi ile ya mwisho naiona kama kivuli tu, siwezi kusema kama ni ngozi au plastiki, siwezi kusema kama kuna kitu cha kijani. Ninachoona ni kwamba sita zimetupwa ovyo, na ya saba imepangwa. Ncha zinatazama ndani.

Ningeweza kuinuka nikatazame. Ni hatua nne. Goti linakataa, na leo nalitii.

Kaka, kama ni wewe, hukupiga hodi, na mama alikulea vizuri kuliko hivyo. Lakini karibu. Chai ipo, wali umebaki, nami nitakupakulia sahani kwa mkono wangu, ni deni langu la siku nyingi. Unifinye unavyotaka, nimedanganya tena leo na nitadanganya hadi mmoja wetu, mimi au Mwanamisi, aingie kaburini.

Ila mke sikurudishii.

Namsikia ndani Bi Mwanamisi anacheka. Sijui anacheka na nani. Sasa nazima simu, niingie ndani, na viatu vyangu nitaingia navyo mkononi.